Ndege za rimoti: nijiunge na klabu kwanza au ninunue kwanza? Na kwa nini za wanafunzi huvuta kushoto zikipaa?

#1 KijanaWaAurora
Wakuu, habari. Niko Aurora, Colorado. Nataka kuingia kwenye ndege za rimoti, zile za mabawa, si droni. Klabu ipo karibu na uwanja wao ni mzuri. Nina maswali mawili.

La kwanza: ninunue ndege ndipo niende, au niende mikono mitupu? Dukani wananiambia ndege ya siku hizi ina jairo ndani, inajinyoosha yenyewe, klabu ya nini.

La pili: pale uwanjani ndege za wanafunzi zenye propela ya mbele zikiacha ardhi tu zinalalia kushoto. Ikianguka moja, ni upande huohuo. Ukiuliza, kila mtu ana sababu yake. Sababu hasa ni ipi?

#2 FundiServo
Karibu. Nenda mikono mitupu.

Kufundishwa ni kwa rimoti mbili. Ya mwalimu ndiyo inayozungumza na ndege. Yako inaunganishwa nayo, kwa waya au bila waya, na mwalimu ana swichi ya kukuachia ndege na kuichukua tena ukiharibu. Rimoti za kampuni tofauti mara nyingi hazielewani. Ukinunua ya aina ambayo hakuna mwalimu anayeitumia pale, utabaki kuazima.

Halafu kuna mpangilio wa vijiti. Marekani na Uingereza walio wengi wanatumia Mode 2: nguvu ya mota na usukani wa mkia kijiti cha kushoto, elevata (bapa la mkia la kupandisha na kushusha pua) na eleroni (mabapa ya mabawa ya kuilaza ndege) kijiti cha kulia. Mode 1 nguvu iko kulia. Ukizoea mmoja, kuhamia mwingine ni kujifunza upya, na mwalimu wa Mode 2 hawezi kukuokoa haraka kwa rimoti ya Mode 1.

Nenda Jumamosi moja asubuhi, uliza wanafundishia nini, kisha nunua hicho hicho. Kama wana ndege ya klabu, fundishwa kwa hiyo kwanza.

#3 MtuWaPovu
Napingana kidogo na #2. Ndege za povu za mita 1.2 hadi 1.5 zenye kujisawazisha zimebadilisha mambo. Ukiachia vijiti, inarudi usawa. Iko pia modi ambayo hairuhusu bawa kulala kupita kiasi. Mtu makini, mwenye simuleta nyumbani na uwanja mpana, anaweza kuanza peke yake. Na povu likivunjika unaunga kwa gundi, jioni inaruka tena.

#4 FundiServo
Mkuu #3, jairo linajua ndege imelala au imesimama. Halijui upepo unaipeleka wapi, halijui mti uko wapi, na halijui kwamba mwendo umeisha. Ukipunguza nguvu huku unavuta elevata, itashika mabawa sawa mpaka bawa liache kubeba, halafu inashuka ikiwa imenyooka vizuri kabisa.

Tatizo kubwa la mwanafunzi ni mwelekeo. Ndege ikiwa inakuja kwako, kulia kwake ni kushoto kwako. Jairo haliliondoi hilo. Njia inayofanya kazi: ikija kwako na bawa moja limeshuka, sukuma kijiti upande wa bawa lililoshuka. Utaliinua.

#5 MamaRisiva
Mleta uzi, kabla ya mabawa, kuna karatasi. Kwa Marekani unahitaji haya:

Mtihani wa TRUST, unafanywa mtandaoni, bure. Tunza cheti, maana ukiulizwa lazima ukionyeshe. Kisha ndege yoyote inayozidi gramu 250 inataka usajili wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani: dola 5 kwa miaka 3, na kwa anayerusha kwa burudani namba ni moja kwa ndege zako zote. Iandike nje ya bodi, mahali panaposomeka bila kufungua kitu.

Halafu Remote ID. Tangu tarehe 16 Machi 2024 FAA walimaliza kipindi cha kuvumilia. Ndege inayotakiwa kusajiliwa lazima itangaze utambulisho wake hewani, ama kwa kifaa cha kiwandani ama kwa moduli unayoongeza, isipokuwa ukirusha ndani ya eneo linaloitwa FRIA. Klabu nyingi zimeomba viwanja vyao viwe FRIA. Hiyo peke yake ni sababu ya kujiunga. Lakini wewe na ndege yako wote muwe ndani ya mpaka wa eneo hilo, na usiipoteze machoni.

Mwisho, urefu: futi 400 kwenye anga isiyodhibitiwa. Aurora iko chini ya shughuli nyingi za uwanja wa ndege wa Denver, kwa hiyo usirushe popote kabla hujaangalia ramani. Anga iliyodhibitiwa inataka idhini kwanza.

#6 Mlonge
Na sheria inakulazimisha uwe mwanachama wa AMA, chama cha warusha ndege za mfano Marekani, usisahau.

#7 MamaRisiva
Hapana Mlonge. Sheria inataka ufuate miongozo ya usalama ya jumuiya inayotambuliwa na FAA. Kuifuata hakuhitaji kadi. Klabu ndiyo inayodai uanachama wa AMA, kwa sababu ya bima na kwa sababu ya masharti ya kiwanja. AMA iko Muncie, Indiana, tangu 1936 inaunganisha watu hawa. Bima yake ya madhara kwa wengine inafika dola milioni 2.5.

Jambo moja watu hawalisomi: bima hiyo ni ya ziada. Kama una bima ya nyumba inayogusa tukio hilo, hiyo ndiyo inatangulia, ya AMA inafuata. Na haitengenezi ndege yako iliyovunjika.

#8 MzeeWaBalsa
Turudi kwenye kushoto, ndiko kwenye utamu.

Propela za kawaida huzunguka kwa mwendo wa saa ukizitazama kutoka nyuma ya ndege. Mota ikisukuma propela kulia, bodi nayo inasukumwa kushoto. Ukifungua nguvu yote kwa mkupuo wakati mwendo bado mdogo, eleroni hazina hewa ya kutosha kuzuia. Bawa la kushoto linashuka. Hiyo ndiyo sababu, na dawa yake ni kufungua nguvu taratibu, hesabu mpaka tatu au nne kabla kijiti hakijafika juu, huku kidole kinashika usukani wa mkia kulia kidogo.

#9 NyotaLeicester
Mzee, shikamoo, ila hapo umeeleza kulala tu. Kinachoonekana kwanza ni pua kugeuka kushoto wakati magurudumu bado yanagusa nyasi. Hiyo si kazi ya mzunguko wa mota.

Upepo wa propela hautoki nyuma ukiwa umenyooka, unazunguka bodi. Unafika mkiani na kuligonga bawa la wima upande wa kushoto. Mkia unakwenda kulia, pua inakwenda kushoto. Nguvu kubwa na mwendo mdogo ndiyo hali mbaya zaidi, na hiyo ndiyo hali ya kupaa.

Kwa ndege yenye gurudumu la nyuma kuna mengine mawili. Pua ikiwa juu, panga la propela linaloshuka upande wa kulia linakamata hewa zaidi kuliko linalopanda, linavuta pua kushoto. Na mkia unapoinuka, propela inayozunguka inajibu kama gurudumu la baiskeli lililoinamishwa: pua tena kushoto. Zote zinakwenda upande mmoja, ndiyo maana ndege za kivita za mfano zinawatoa watu jasho.

#10 MzeeWaBalsa
Marahaba. Sikatai upepo wa kuzunguka. Lakini mleta uzi anazungumzia ndege za wanafunzi zenye gurudumu la pua. Mkia hauinuki pale, na pua haiko juu. Hayo mawili ya mwisho hayahusiki.

#11 UpepoWaMrima
Naomba kuuliza, njia ya kurukia hapo inaelekea wapi, na upepo unatoka wapi asubuhi? Ndege ni kama jogoo wa chuma juu ya paa, mkia unasukumwa na pua inageukia upepo unakotoka. Upepo wa pembeni kutoka kushoto utaifanya kila ndege igeuke kushoto, iwe na mota ya aina yoyote. Kisha bawa la kushoto ndilo linapigwa kwanza, rubani anasahihisha kwa eleroni badala ya usukani, mambo yanaharibika.

Kabla ya kulaumu fizikia yote, funga utepe mwepesi juu ya antena ya rimoti au kwenye mti mwembamba kando ya mstari wa marubani. Utauona.

#12 KijanaWaAurora
@UpepoWaMrima njia inakwenda mashariki na magharibi. Asubuhi upepo haupo kabisa, mchana unageuka geuka. Lakini kuvuta kushoto kupo hata asubuhi.

#13 FundiServo
Basi kama upepo haupo, nina sababu mbili za kiufundi ambazo hazijatajwa.

Jairo linajifunza usawa linapowashwa. Ukiunganisha betri huku ndege imeegemea, au ukaitikisa kabla servo (mota ndogo zinazosogeza eleroni na usukani) hazijamaliza kucheza kuashiria iko tayari, "usawa" wake utakuwa umepinda. Ikiacha ardhi tu itatafuta usawa huo wa uongo, na kwenye modi ya kujisawazisha haitaacha kuutafuta. Weka ndege chini, sawa, iachie mikono, ndipo uunganishe.

Ya pili ni gurudumu la pua. Likipinda nyuzi mbili tatu kushoto, rubani anashikilia kijiti kulia ili iende sawa ardhini. Gurudumu likinyanyuka, anaachia. Tatizo lililokuwa limefichwa linatokea hewani. Isukume kwa mkono kwenye sakafu laini, mita tano, bila mota. Kama haiendi sawa, rekebisha kiunganishi cha gurudumu, si trimu ya rimoti (marekebisho madogo ya katikati ya kijiti), kwa sababu trimu hiyo hiyo inageuza usukani wa mkia.

#14 MtuWaPovu
Hapo kwa jairo umenena. Wanafunzi wengi wanaunganisha betri wakiwa wameibeba ndege kifuani.

#15 Mwinuko
Mnazungumza kana kwamba yuko Mombasa. Yuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari! Hewa ya Denver ni nyepesi kama asilimia 15 kuliko ya pwani, na siku ya nyuzi 32 ni kana kwamba kiwanja kiko mita 2,600. Ndege ile ile inahitaji mwendo zaidi kabla bawa halijabeba: kwa hewa pungufu ya asilimia 15, mwendo wa kuacha kubeba unapanda kama asilimia 8. Propela nayo inakamata hewa kidogo. Matokeo yake, mbio ndefu zaidi ardhini.

Mwanafunzi haoni mwendo. Anaona umbali. Akifika mahali ambapo kwa video za YouTube ndege inainuka, anavuta elevata. Ndege inaondoka chini kabla ya wakati, bawa liko ukingoni, na tayari kuna mvuto wa kushoto. Bawa la kushoto linaacha kubeba. Kisha anafanya lile kosa: anasukuma eleroni kulia. Eleroni ya kushoto inashuka, inaongeza pembe ya bawa ambalo tayari limechoka, linakufa kabisa. Ndege inajipindua.

Dawa: acha ikimbie mpaka iwe nyepesi kwenye magurudumu, elevata kidogo sana, panda kwa mteremko mdogo. Bawa likishuka, sukuma elevata mbele kwanza upate mwendo, nyoosha kwa usukani wa mkia, eleroni baadaye.

#16 MzeeWaBalsa
Mwinuko ameeleza kwa nini inaanguka. Bado hajaeleza kwa nini kushoto. Mimi nasema mota.

#17 NyotaLeicester
Na mimi nasema upepo wa propela. Tutafika Krismasi hapa.

#18 Mlonge
Mbona rahisi, inamishwe mota kulia nyuzi 2 au 3 yote yaishe. Weka washa (vipete vya chuma) nyembamba chini ya bolti za upande wa kulia za kishikio cha mota.

#19 MzeeWaBalsa
Mlonge, kijana akikufuata hapo anaongeza tatizo! Ukikaa nyuma ya ndege, washa zinawekwa bolti za upande wa kushoto. Upande wa kushoto unasogea mbele, shafti inatazama kulia. Ukiweka kulia, umeinamisha kushoto zaidi.

Na ndege nyingi za kiwandani tayari zimeinamishwa. Tazama kutoka juu: spina (kofia ya katikati ya propela) ikionekana imekaa kidogo kulia, au pengo kati yake na bodi halilingani pande mbili, watengenezaji walishafanya hiyo kazi. Usiongeze kabla ya kupima.

#20 FundiServo
Namna ya kupima: panda juu ya kutosha, futi 200 hivi, mwendo wa kawaida, trimu mpaka iende sawa bila kushikwa. Sasa punguza nguvu mpaka chini kabisa. Ikianza kugeuka kulia, ina maana trimu ilikuwa inapambana na mvuto wa mota, ongeza mwinamo wa kulia. Ikiendelea sawa, mwinamo unatosha. Ikigeuka kushoto hata bila nguvu, tafuta kwingine: bawa limepinda, eleroni hazilingani, au upande mmoja ni mzito. Zima jairo kwanza, vinginevyo litakuficha ukweli.

Uzito wa pembeni: ishike kwa shafti ya mota na ncha ya mkia, uone bawa lipi linashuka. Sarafu ndogo kwenye ncha ya bawa jepesi inatosha.

#21 NyotaLeicester
Kipimo kizuri, ila kinapima mwendo wa safari. Wakati wa kupaa mwendo ni nusu yake na nguvu ni yote. Ndege inaweza kufaulu kipimo cha #20 na bado ikavuta kushoto ardhini. Mwinamo wa kutibu kupaa utakuwa mkubwa mno ukiwa juu. Mwishowe ni kidole cha rubani kwenye usukani wa mkia. Wanafunzi hawafundishwi kutumia kidole cha kushoto, hilo ndilo tatizo la siku hizi. Wanaendesha kila kitu kwa eleroni.

#22 UpepoWaMrima
Na kitovu cha uzito je? Hakuna aliyekitaja. Ndege nzito nyuma inainua pua yenyewe ikipata nguvu, na hapo maelezo ya Mwinuko yanatimia bila mwanafunzi kuvuta chochote. Kwa ndege ya mafunzo anza asilimia 25 hadi 30 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa la sentimita 24 kwa upana: sentimita 6 hadi 7.2. Weka alama kwa utepe pande zote mbili, inua kwa ncha za vidole betri ikiwa ndani, pua ishuke kidogo tu. Ukibadilisha betri kutoka mAh 2200 (kipimo cha ujazo wa chaji) kwenda 3200, pima tena.

#23 Mwinuko
Naunga mkono #22. Na betri ifungwe kwa mkanda wa kunata wenye nguvu. Ikiteleza nyuma wakati wa kupaa, kitovu kinahama papo hapo.

#24 Chiku_Nairobi
Nimefuatilia uzi kimya. Je, sisi wa Nairobi? Tunafanana na Denver kwa mwinuko. Nina binamu huko anaweza kunibebea ndege na betri.

#25 MamaRisiva
Dada Chiku, kwanza KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya. Kenya ina kanuni za vyombo vya anga visivyo na rubani za 2020, na kumiliki au kuingiza nchini kunahitaji idhini. Usimwambie binamu anunue kabla hujauliza KCAA kwa maandishi, maana kifaa kinaweza kubaki forodhani. Tanzania nako ni TCAA, omba ruhusa kabla.

Kwa betri: za akiba zinabebwa mkononi ndani ya ndege ya abiria, si kwenye begi la chini. Kikomo cha kawaida ni Wh (saa-wati) 100 kwa kila betri. Ya seli 3 yenye mAh 2200 ni 11.1 mara 2.2, sawa na Wh 24.4, iko chini kabisa. Funika ncha kwa utepe, kila moja kwenye mfuko wake, chaji iwe ya kuhifadhi, volti 3.8 kwa seli.

#26 KijanaWaAurora
Asanteni, nasoma yote. Hapo kwenye betri, nikitumia seli 3 za 2200, dakika ngapi angani?

#27 FundiServo
Tumia asilimia 70 tu ya betri. 2200 mara 0.7 ni mAh 1540. Kama wastani wa mota ni ampea 15, hiyo ni dakika 6 na kidogo. Weka saa ya rimoti dakika 5 kwa safari ya kwanza, tua, pima. Kila seli ikae karibu volti 3.75 hadi 3.8 ikipumzika. Zikiwa juu ya hapo, ongeza nusu dakika. Usirushe mpaka mota ianze kukatika: spidi kontrola inakata mota ili kulinda betri, na wewe unabaki na ndege isiyo na nguvu mahali usipopachagua.

Chaji kwa 1C, yaani ampea 2.2 kwa betri hiyo, kwa mpango wa kusawazisha seli. Seli kamili ni 4.2, jumla 12.6. Chajia juu ya saruji, mbali na pazia, na usitoke chumbani. Iliyovimba haichajiwi tena. Iliyoanguka na ndege, hata kama inaonekana nzima, iweke nje mahali pasipoungua na uitazame angalau nusu saa kabla ya kuiingiza kwenye gari.

#28 MtuWaPovu
Jambo jingine klabuni wanalokaripia sana ni propela. Mota ya umeme haina sauti ikiwa imesimama, haikuonyi. Washa rimoti kwanza, kijiti cha nguvu chini, swichi ya kukata mota imefungwa, ndipo betri. Kuzima ni kinyume: betri kwanza, rimoti mwisho. Ndege iwe imezuiwa, mtu mwingine asisimame mbele wala ubavuni mwa mzunguko wa propela. Ukifanya matengenezo au kuunganisha rimoti nyumbani, ng'oa propela. Propela ya inchi 11 haiulizi kidole cha nani.

#29 NyotaLeicester
Na kupoteza mawasiliano. Rimoti za 2.4 GHz zimeondoa ule ubao wa vibanio vya kugawana masafa wa enzi za 72 MHz kwenu na 35 MHz kwetu, lakini hazijaondoa upotevu. Vitu vitatu: antena mbili za risiva (kipokezi kilicho ndani ya ndege) zikae kwa pembe ya nyuzi 90, mbali na betri na kaboni. Usielekeze ncha ya antena ya rimoti kwenye ndege, nguvu hutoka ubavuni. Na fanya kipimo cha umbali wa mawasiliano kwa nguvu ndogo kama kitabu kinavyosema, nyingi ni hatua 30, mtu mwingine ameshika ndege, servo zote zikijibu bila kusita.

Kisha zima rimoti ukiwa umeng'oa propela au ndege imefungwa. Mota inatakiwa isimame. Ikiendelea kuzunguka, risiva haijawekewa amri ya dharura, na ndege hiyo hairuki siku hiyo. Kwetu Uingereza mtihani wa cheti A cha BMFA, chama chetu cha warusha ndege za mfano, unaanza na ukaguzi kabla ya kupaa, halafu mzunguko, namba nane, kutua kwa mota isiyo na nguvu, kisha maswali ya usalama. Mzuri wa kujipimia hata kama huko hauhitajiki.

#30 Mlonge
Nyota, Uingereza si chini ya gramu 250 huhitaji kitu?

#31 NyotaLeicester
Hiyo ilikuwa zamani. Tangu mwanzo wa 2026 Flyer ID (kitambulisho cha mrushaji) inaanzia gramu 100. Usitegemee video za mwaka juzi.

#32 KijanaWaAurora
Wakuu, nimeelewa mpango wa kujiunga. Kwa kushoto, bado sijui nimwamini nani.

#33 MzeeWaBalsa
Amini mota.

#34 Mwinuko
Amini mwendo. Mwambie mwalimu apae mara mbili na ndege ile ile, asubuhi bila upepo. Mara ya kwanza nguvu yote papo hapo, ya pili taratibu na kukimbia mbali zaidi. Mtu mmoja apige video kutoka nyuma, simu ikiwa chini kabisa ardhini. Angalia kama pua inageuka kabla magurudumu hayajainuka, au bawa linashuka baada.

#35 UpepoWaMrima
Na utepe uwepo kwenye picha, tafadhali.

#36 FundiServo
Ongeza na ya tatu, jairo limezimwa. Na kabla ya zote, simama nyuma ya ndege, sukuma kijiti cha eleroni kulia: ya kulia ipande, ya kushoto ishuke. Elevata, vuta, ukingo wake uende juu. Usukani kulia, uende kulia. Eleroni zilizogeuzwa zinaangusha ndege upande wowote ambao rubani amejaribu kuuzuia. Kama inavuta kushoto kidogo naye akasahihisha kulia, itakwenda kushoto mpaka chini, na watu watakaa wakibishana kuhusu propela.

#37 NyotaLeicester
Hiyo nayo ni sababu nyingine tena sasa. Kijana, leta video tuiangalie fremu kwa fremu. Andika pia ukubwa wa propela, seli ngapi, na joto la asubuhi hiyo.